Kiti cha Njano Mlangoni kwa Kinyozi

Wapo wanafunzi wanaoharibiwa masomo na uvivu, wapo wanaoharibiwa na mapenzi. Pikseli yeye nusura aharibiwe na usafi wa baba yake, na kama mambo yangeishia hapo kwenye nusura, tusingekuwa na la kusimulia.

Jina la Pikseli alipewa chuoni, mwaka wa kwanza wa michoro ya kompyuta kwa mipango miji, kwa sababu ya tabia yake ya kuikuza picha kwenye skrini mpaka inabaki miraba mitupu, kisha anaanza kurekebisha mraba mmoja mmoja huku wenzake wakienda kula. Nyumbani alikuwa na jina lake, lakini baba yake alimwita "mama" tu, na akiliita lile jina lenyewe ujue kuna jambo.

Baba huyo alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Wembe. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa cha kazi, chenye kioo kirefu, kiti cha kuzunguka na benchi la wanaosubiri. Vyumba viwili vya nyuma ndimo alimomlea binti yake peke yake tangu mama mtu alipofariki. Kila asubuhi, kabla ya kuchomeka mashine ya kunyolea, Mzee Wembe alifagia ndani, akafagia kizingiti, akafagia barabara mpaka kwenye nguzo ya umeme, kisha akanyunyiza maji vumbi lilale. Ile nguzo haikuwa yake wala barabara haikuwa yake. Lakini ukimuuliza, atakwambia mtu hawezi kumkabidhi mwenzake shingo na wembe huku mlangoni pananuka. Alisema hivyo mara nyingi mpaka wateja wakawa wanammalizia.

Basi mwaka wa tatu wakapewa zoezi. Kila mwanafunzi achague mtaa, asimame mahali pamoja, atengeneze picha mbili: moja iitwe Sasa, nyingine Kesho. Sasa ni mtaa ulivyo. Kesho ni huo huo ukiwa na miti, njia ya waenda kwa miguu, taa na mitaro iliyofunikwa. Mhadhiri wao, mtu mpole mwenye kupenda maneno ya kukumbukwa, aliwaambia, "Picha ya Sasa lazima iume. Isipouma, hakuna atakayeitamani Kesho."

Pikseli alichagua mtaa wao, kwa kuwa aliujua na hakuhitaji nauli. Akapiga picha asubuhi. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, taulo jeupe begani, ndiyo kwanza amemaliza kunyunyiza. Ardhi ilikuwa na unyevunyevu, kizingiti kinang'aa, hata ile nguzo ya umeme ilionekana kama imeoga.

Alipoionesha darasani, mhadhiri aliitazama akakuna kidevu. "Sasa hapa tunaboresha nini? Huyu mzee pake mbona pako sawa?"

Darasa likacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha ubaya, lakini Pikseli kilimchoma. Na hapa ndipo mtu anapoweza kushangaa binadamu tulivyoumbwa: alikaa pale akaona aibu kwa sababu kwao ni safi. Alimkasirikia baba yake na fagio lake. Wenzake walikuwa wameleta mitaro iliyoziba na mapaa yaliyotoboka, wamesifiwa. Yeye ameleta unyevunyevu.

Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alizunguka nyuma ya kantini ya chuo. Kule nyuma kulikuwa na lundo ambalo halijawahi kuzolewa likaisha: maboksi yaliyolowa, mifuko, maganda ya kila namna, na juu yake kiti cha plastiki cha njano kilichovunjika mguu mmoja, kimelala kama kinaomba kusaidiwa. Akalipiga picha lundo lote, na kile kiti akakipiga peke yake. Dimbwi la maji meusi alilipata karibu na bomba la jikoni.

Kazi iliyobaki alikuwa na mikono ya kuifanya. Alilikata lundo, akalibandika mlangoni kwa baba yake. Akalipa kivuli cha asubuhi. Dimbwi akalilaza penye unyevunyevu. Kile kiti cha njano akakiweka mbele kabisa, ili jicho la mtazamaji lianzie hapo. Mwisho akafifisha rangi za picha nzima mpaka mbingu yenyewe ikaonekana haijalipwa mshahara.

Alifikiri kumfuta baba yake. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini mhadhiri alikuwa amewafundisha kwamba picha ya mtaa isiyo na mtu haina kipimo. Mtazamaji hajui mlango ni mkubwa kiasi gani. Basi akamwacha pale pale, taulo begani, akitabasamu, takataka zikimfika magotini.

Kwenye Kesho ndiko alikomfuta. Alimweka mtu kutoka kwenye mkusanyo wa picha za watu zinazotolewa bure mtandaoni, mwanamume mrefu aliyevaa koti zito la baridi, anayetembea haraka kwenda kusikojulikana. Duka la kinyozi likawa duka la vioo.

Mhadhiri alidhani amerudi kupiga picha siku nyingine, hakuuliza, na Pikseli akapata alama za juu kuliko wote. Na kama hiyo haikutosha, manispaa iliomba kazi bora zitundikwe ukumbini kwake, wananchi wazione na kutoa maoni. Picha za Pikseli zilichapishwa kubwa, kila moja ukubwa wa mlango. Nyumbani hakusema neno. Alijiambia baba ana kazi nyingi, hana muda wa mambo ya ukumbini.

Lakini mji una midomo. Fundi viatu, aliyekuwa na kijimeza chake jirani na nguzo ya umeme, alikwenda manispaa kufuatilia kibali, akarudi mbio. "Mzee Wembe! Umetundikwa ukumbini, mzima mzima! Na chini wameandika jina la binti yako!" La takataka hakulitaja. Pengine aliona haya, pengine alidhani mwenyewe anajua.

Mzee Wembe alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo wateja walilizungumza, akapiga pasi shati lake la kutokea, akaenda.

Pikseli alikuwa zamu siku hiyo ya kuwaeleza wageni. Alipomwona baba yake mlangoni, amechana nywele, anauliza kwa heshima ziliko picha za mitaa, alijikuta amerudi nyuma hatua moja. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya ukumbini ilikuwa ya vigae, haikupasuka.

Mzee alijiona kwa mbali, akatabasamu. Akasogea. Kadiri alivyosogea lile tabasamu likawa linamwishia, mpaka alipofika mbele ya picha halikuwepo. Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama kutazama kizingiti chake.

"Huyu ni mimi," alisema taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Na hapa ni kwetu."

"Ndiyo."

"Mbona..." Alinyoosha kidole kuelekea kile kiti cha njano, akakirudisha.

Mhadhiri aliwasogelea kwa furaha zote. "Kumbe ni mzazi! Hongera, mzee wangu. Binti yako ana jicho. Ameiona shida ya mtaa wenu wengine wanayoipita kila siku."

Watu wawili watatu waligeuka kuwatazama. Mzee Wembe alivua miwani. "Mwalimu, naomba radhi," alisema, na sauti ilikuwa ile anayomsemesha mteja aliyemkata kwa bahati mbaya. "Pale huwa safi. Nadhani hii ni ile wiki kiuno kilinishika, nikawa nachelewa kutoka. Sikujua kama palifikia hivi."

"Usijali, mzee. Ndiyo mitaa yetu ilivyo," mhadhiri alisema, akampiga bega kwa upole.

Pikseli alikuwa amesimama pembeni ya baba yake, bega kwa bega. Maneno alikuwa nayo, tena mafupi: baba, takataka hizi ni zangu. Alimtazama mhadhiri, akawatazama wale wageni, akayameza.

"Njoo uone na ya pili, baba," akasema.

Mzee aliitazama Kesho kwa muda. "Nzuri," alisema. "Na mimi hapa niko wapi?"

"Huu ni mfano tu, baba."

"Aa." Akamwonesha yule mtu wa koti. "Na huyu vipi, ana homa?"

Njiani kurudi walitembea mpaka walipoona nguzo yao. Hapo mzee akasema, bila kumtazama, "Nimekuaibisha mbele ya walimu wako. Unisamehe, mama."

Pikseli alijibu kwamba si kitu. Alijisikia akilitamka hilo neno, si kitu, na akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kuanzia siku ile Mzee Wembe alifagia asubuhi na jioni. Taulo safi alilifua tena. Akinyoa, jicho moja liko kwenye kichwa cha mteja, jicho jingine mlangoni. Na wateja nao, si unajua watu wa kinyozi, hawana dogo. Waliokwenda ukumbini waliwahadithia ambao hawakwenda. Mtu akiingia anauliza, "Leo hakuna kiti cha njano?" Benchi linacheka. Mzee naye anacheka, kisha anachomeka mashine kabla haijahitajika.

Lakini kile kiti hakikumtoka kichwani. Maganda na maboksi aliyakubali, upepo huleta. Kiti hakiletwi na upepo. Kiti kinawekwa na mtu. Alikaa akafikiri, na fikra zake zikavuka barabara, zikaenda kusimama kwa seremala.

Seremala huyo, Fundi Randa, alikuwa rafiki yake wa tangu Pikseli anatambaa. Kila alasiri, kazi zikipungua, walicheza drafti kwenye benchi kwa vizibo vya soda, wakitukanana kwa raha zao. Mzee Wembe alivuka, akamuuliza kistaarabu kama kuna kiti chochote cha njano kilichowahi kutoka kwake.

"Cha mbao?" Fundi Randa aliuliza.

"Cha plastiki."

Fundi Randa aliweka randa chini. "Wewe, nimekuchongea kitanda, nimekuchongea benchi, nimemchongea binti yako meza ya kusomea. Leo unaniuliza habari za plastiki?"

"Wateja wako wanaosubiri huwa wanakalia nini?"

"Wanakalia vya plastiki, lakini vyangu ni vyeupe!"

"Nimekiona kwa macho yangu, fundi. Kipo kwenye picha. Picha haisemi uongo."

"Basi kaolewe na hiyo picha," alisema Fundi Randa, na hapo ndipo drafti ilipokufa.

Pikseli aliyasikia yote hayo akiwa chumba cha nyuma, kwenye ile meza aliyochongewa. Aliinuka. Akakaa. Alijiambia atasema matokeo yakishabandikwa. Yalipobandikwa alijiambia asubiri manispaa wateue watakaokwenda kufanya mazoezi ya kazi ofisini kwao, maana mhadhiri alishamdokeza kwamba jina lake lipo. Siku zote lilikuwepo jambo dogo mbele yake la kusubiri. Jioni aliwaona wazee wale wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake, na vizibo vya soda vikiwa kwenye kopo juu ya kabati la mashine. Aliona aibu, si ile ya kuchekwa darasani. Hii ilikuwa inakula naye, inalala naye, na alipomsalimia Fundi Randa asubuhi ilimfanya atazame viatu vyake.

Mambo yalipofika kwa majirani kuanza kuchagua nani amsalimie nani, mama muuza mkaa alichoka. Alikuwa mwanamke wa sauti moja tu, ya juu. Aliwaita wote wawili Jumamosi mchana dukani kwa kinyozi, na fundi viatu awe shahidi. "Watu wazima na mvi zenu," alisema akikaa kwenye benchi, "mnagombea kiti kibovu. Semeni yaishe."

Fundi Randa alikataa kukaa. Alisimama karibu na kioo, mikono kifuani. "Mimi sina la kusema. Nimeitwa mchafu mtaani kwangu. Mwezi huu ukiisha nahamisha karakana. Nimeshapata mahali kule juu."

Hakuna aliyetarajia hilo. Mzee Wembe alikuwa anafuta wembe kwa taulo, mkono ulisimama. "Sikusema wewe ni mchafu," alisema. "Nimesema kiti kilikuwepo. Hata mimi nimekiri uzembe wangu, mbele ya watu, ukumbini. Kwa nini wewe kukiri kiti kimoja kunakushinda?"

"Kwa sababu si changu!"

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguliwa. Pikseli alitoka na kompyuta yake mpakato mikononi, imefunguliwa. Hakuwa amepanga maneno. Aliiweka juu ya kiti cha kuzunguka, pale pale wanapokalia wateja, akakizungusha kiti ili skrini iwatazame. Picha ya Sasa ilikuwa imejaa skrini nzima.

"Ndiyo hiyo," alisema Mzee Wembe. "Haya, fundi, tazama mwenyewe."

"Baba, subiri," alisema Pikseli. "Picha hizi tunazitengeneza kwa matabaka. Kila kitu kinakaa kwenye tabaka lake, unaweza kukiwasha na kukizima."

Alibofya mara moja, na dimbwi likatoweka. Akabofya tena, maboksi na maganda yakaondoka yote kwa pamoja. Kikabaki kiti cha njano peke yake mlangoni, kimelala, na Mzee Wembe nyuma yake akitabasamu. Kishale kilipita mahali pake mara mbili. Akabofya. Kiti kikaenda.

Ikabaki barabara yenye unyevunyevu mpaka kwenye nguzo.

"Kiko nyuma ya kantini ya chuo," alisema Pikseli. "Na takataka zote ni za huko. Mimi ndiye niliyezileta. Mwalimu alisema mtaa wetu hauna shida, darasa likacheka, nikaona aibu. Fundi Randa hakutupa kitu. Nakuomba radhi, fundi. Na wewe, baba."

Fundi viatu aliinama karibu na skrini akiitafuta meza yake. Mzee Wembe alisogea, akatoa miwani. Aliinama kama alivyoinama kule ukumbini, akakitazama kizingiti chake kwa muda mrefu.

"Washa tena," alisema.

Akawasha. Takataka zikarudi zote.

"Zima."

Akazima.

"Kwa hiyo nilifagia," alisema mzee.

"Ulifagia, baba. Ulikuwa umefagia na kunyunyiza."

Alivua miwani, akaikunja. Alimgeukia Fundi Randa, na mbele ya wote akasema, "Fundi, nimekukosea. Nimekuvunjia heshima kwa kitu ambacho hakikuwepo." Fundi Randa alitingisha kichwa, akatazama dari, akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Kisha akaenda kukaa mwishoni mwa benchi, pale alipokaa miaka yote, na kila mtu akaelewa kwamba karakana haihami.

Pikseli alipumua. Aliharakisha kusema Jumatatu ataiondoa picha ukumbini, atamwambia mhadhiri kila kitu, na wakimnyima ile nafasi ya manispaa na wamnyime. Alisema na mengine mengi. Mtu aliyetua mzigo husema sana.

Baba yake alimwacha amalize.

"Hayo ya ukumbini ni yako na walimu wako," alisema. Kisha akamwita kwa jina lake, lile la nyumbani, ambalo hakulitumia ovyo. "Mimi nina swali moja tu. Siku ile, nilipokuwa namwomba mwalimu wako radhi. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo pale, baba."

"Pale wapi?"

"Pembeni yako."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

Mzee Wembe alitikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu. Aliinua kompyuta kutoka kwenye kiti, kwa mikono miwili, taratibu kama kitu cha watu, akamkabidhi binti yake. Alichukua taulo begani, akakifuta kikalio cha kiti, akafuta na mikono yake yote miwili, akakizungusha kitazame kioo.

"Anayefuata," alisema.

Fundi Randa, ambaye hakuwa amekuja kunyolewa, aliinuka akaenda kukaa. Mashine ikaanza kuunguruma. Pikseli alibaki amesimama kati ya benchi na mlango, kompyuta imemkaa kifuani ikiwa bado ya moto, na hakuna aliyemwambia akae wala aondoke.